Mapovu ya Mtoto wa Jirani

Kaa hapa kwenye godoro, wewe unayenisikiliza, wala usiogope kulichafua. Hili ni la maonyesho. Mimi huuza magodoro Kabalagala, mtaa ambao watu wake hulala mchana kwa kuwa usiku wako baa, na kazi yangu ya kila siku ni kuwaeleza wateja mambo ambayo hawakuyauliza. Mteja akisema anataka godoro, namweleza sponji. Akisema ana haraka, namweleza sponji polepole. Leo nitakueleza jinsi mtoto mchanga anavyopumua, na jinsi ukoo mzima wa watu waliompenda ulivyokaribia kumzuia. Kama hukusoma sayansi, usijali. Mimi pia niliikimbia. Daktari alinieleza mpaka nikaelewa, hakuchoka, kwa hiyo na mimi sitachoka nawe.

Weka mkono chini ya mbavu zako. Vuta pumzi. Unasikia tumbo likisukumwa nje? Hapo ndani pana ukuta mwembamba wa nyama unaotenga kifua na tumbo. Vitabu vya shule huuita kiwambo. Ukishuka, kifua hupata nafasi na mapafu hujaa hewa. Ukipanda, hewa hutoka. Ukuta huo unafanya kazi tangu ulipozaliwa na hujawahi kuushukuru.

Binti yetu alizaliwa na tundu kwenye ukuta huo. Alipokuwa bado tumboni mwa mama yake, utumbo wake ulipanda kupitia tundu hilo ukaenda kukaa kifuani, na tumbo la chakula likafuata, kama wageni wanaokuja harusini na mizigo ya kukaa. Mapafu yalikuwa bado madogo, yanakua. Sasa chukua kipande cha sponji, kiweke chini ya masanduku tangu siku kilipotengenezwa. Utakipata kimesinyaa, na upande uliokandamizwa zaidi utakuwa mdogo kuliko mwenzake. Ndivyo yalivyokuwa mapafu yake.

Tulijua mapema, kwa sababu ile picha ya mimba ilionyesha vitu vya tumboni vikiwa jirani na moyo. Daktari wa watoto, mama mmoja mpole mwenye sauti ya chini, akatuambia jina la ugonjwa: ngiri ya kiwambo. Nikafanya kosa la kulipeleka jina hilo nyumbani kwa wakwe.

Hapa nikujulishe wakwe zangu. Mke wangu alizaliwa katika kambi ya polisi, na wazazi wake wanaishi humo hadi leo. Baba yake ni sajini mstaafu, Mwislamu kutoka kaskazini, mtu anayekunja hata taulo kama bendera. Mama yake ni Mganda wa Buganda na Mkatoliki. Wanasali kwa zamu na kula pamoja, na nyumba yao huzungumza Kiswahili, kwa sababu kambini kila mtu alitoka kwao na hakuna aliyekubali kujifunza lugha ya mwenzake. Ni Kiswahili ambacho mwalimu wangu wa Kenya angekilaza chini na kukichapa, lakini ndicho nilichotongozea, na sina ugomvi nacho.

"Ngiri?" baba mkwe alishangaa. "Mtoto hajazaliwa, amebeba gunia gani?"

"Na daktari amesema ni msichana," akaongeza jirani aliyekuwa amekuja kuazima chumvi. "Msichana na ngiri! Hii dunia imekwisha."

Kufikia jioni kambi nzima ilikuwa na dawa ya ngiri. Kundi la familia kwenye simu lilijaa mizizi, vitunguu, mafuta ya mbuzi, sala za dini zote mbili na picha ya mtu wa Bwaise aliyepona ngiri kwa kuacha kuinama.

Daktari yeye alikuwa na mpango mwingine, na naomba uusikilize vizuri, maana kila kitu kinachofuata kimesimama juu yake. Watoto wengi wakizaliwa hawapumui vizuri, mhudumu huwawekea barakoa usoni na kuwasukumia hewa kwa mfuko wa kukamua. Ni msaada mwema, umeokoa watoto wengi. Lakini wetu, alisema daktari, asiguswe na barakoa. Hewa ya barakoa haichagui mlango. Ikifika kooni huingia njia zote mbili, ya mapafu na ya tumbo. Kwa mtoto mwingine hewa iliyopotea njia hushuka tumboni, atacheua, yakaisha. Kwa wetu, tumbo lenyewe liko kifuani. Ukilijaza hewa litavimba kando ya mapafu na kuyabana. Unamsukumia pumzi, kumbe unamnyima.

Kwa hiyo, siku ya kuzaliwa, walimwingiza mpira mwembamba moja kwa moja kwenye njia ya pumzi, na mpira wa pili tumboni wa kunyonya hewa na maji yaliyomo, tumbo libaki tupu na dogo. Kisha wakamuunganisha na mashine ya kupumulia iliyompa pumzi fupi za upole, kama unavyompulizia mgonjwa chai. Upasuaji wa kurudisha utumbo na kuziba tundu ungesubiri.

"Mbona usubiri?" niliuliza. "Tundu si liko pale?"

"Tundu halina haraka," daktari akasema. "Mapafu ndiyo yenye haraka. Yakitulia, tutashona. Sasa hivi nahitaji vitu viwili: asishikweshikwe, na hewa isipite mahali pengine isipokuwa kwenye mpira wake."

Basi hilo ndilo lililokuwa mezani. Hewa ipite kwenye mpira wake tu. Jambo rahisi, utadhani, isipokuwa chumba kile kilikuwa na dirisha la kioo, na nje ya dirisha alikaa mama mkwe wangu.

Mke wangu alikuwa amelazwa ghorofa ya juu na mshono wa upasuaji wa uzazi, haruhusiwi kushuka. Kukosekana kwake kulikuwa balaa kuliko unavyofikiri. Kwa Waganda, mwanamume na mama mkwe wake hawagusani, hawakai kiti kimoja, hawatazamani usoni wala hawasemeshani ovyo. Ukivunja mwiko huo unapata obuko, yaani mikono inakutetemeka mpaka uzeeni. Mimi si Mganda, lakini napima magodoro kwa mikono hii na sikutaka kubahatisha. Miaka yote ya ndoa, maneno kati yangu na mama mkwe yalipitia kwa mke wangu, kama umeme unavyopitia kwenye waya. Sasa waya ulikuwa ghorofa ya juu, umelala kwa dawa za maumivu.

Mama mkwe alitandika mkeka wake mwisho wa ukumbi, mimi nikakaa benchi la upande wa pili, na katikati yetu ikasimama chupa yake ya chai, nyekundu, yenye mfuniko uliopasuka. Kutoka hapo aliweza kuona ndani. Na alichokiona hakikumpendeza hata kidogo.

Kwanza, tumbo la mjukuu lilikuwa limebonyea. Ndivyo inavyokuwa, vilivyopaswa kulijaza vimehamia juu. Lakini bibi akiona tumbo la mtoto limebonyea, hana maelezo mengine.

"Njaa!" alimwambia muuguzi kila alipopita. "Musawo, mtoto ya sisi anakufa njaa. Mimi iko na maji ya sukari hapa, kidogo tu, kwa kijiko."

Musawo ndiyo heshima wanayompa mtu yeyote anayetibu. Muuguzi alijibu kwa upole kwamba mtoto analishwa kwa mshipa, na hakuna kitu kinachopita mdomoni. Mama mkwe alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa kwamba gari linakula nyasi.

Pili, palikuwa na mapovu. Kwenye kitanda cha jirani alilala mtoto wa kiume aliyezaliwa kabla ya wakati wake, naye aliwekewa ile mashine ya mapovu. Hewa humwingia puani, na ncha ya pili ya mpira imezamishwa kwenye chupa ya maji, kwa hiyo maji yanachemka muda wote, bwi-bwi-bwi, kama sufuria ya muhogo. Yale mapovu yanasaidia mapafu machanga yasijifunge kila anapotoa pumzi. Usije ukaondoka hapa na chuki dhidi ya mapovu. Kwa yule mtoto yalikuwa rehema.

Shida ni kwamba yanapendeza macho. Hapa mjini kwetu kitu kinachofanya kazi lazima kionekane na kisikike. Ndiyo maana hata duka la chupi lina spika mlangoni. Mashine ya binti yangu, ghali na ya uangalifu, ilikaa pale kimya, taa ndogo na namba. Mtoto wa jirani alikuwa na chemchemi.

"Yule wa jirani anapewa ya mapovu," mama mkwe alimwambia baba mkwe mchana ule, sauti ikinifikia bila kuelekezwa kwangu. "Wa kwetu anapewa ya kimya. Ni sababu sisi ni watu wa kambi."

"Nani amesema hivyo?"

"Nani anaweza kusema? Macho yangu inaona. Wewe umelinda geti ya wakubwa mpaka magoti imeisha. Hata mapovu huwezi kuomba?"

Baba mkwe alisimama wima. Kuna wanaume ambao ukiwaambia hawana fedha wanacheka, ukiwaambia hawana nguvu wanacheka, lakini ukiwaambia hawajuani na mtu, umewaua. Alitoa simu, akasogea dirishani, akampigia mkubwa fulani ambaye zamani alilinda lango lake. Sitasema ni mkubwa gani. Ukimwaza mkubwa yeyote umepatia.

Kesho yake asubuhi baba mkwe alikuja amevaa bereti yake ya zamani.

"Mkenya wangu," akaniambia, "mambo imenyooka. Mkubwa amepiga simu ofisi ya hospitali. Mashini ya mapovu, mpya, inakuja leo. Na mpiga picha."

Nikainuka kwenye benchi. "Mzee wangu, mtoto hatakiwi mapovu. Daktari alisema hewa ya puani itaingia kwenye tumbo lililo kifuani, itambana mapafu."

"Daktari ni daktari. Mkubwa ni mkubwa."

Nilimkimbilia muuguzi. Alikwisha kupata habari. Daktari, akasema, yuko chumba cha upasuaji na mtoto mwingine, hawezi kutoka sasa. Yeye mwenyewe ameikatalia ofisi mara ya kwanza na ya pili, na jibu la ofisi ni kwamba wanakuja hata hivyo, picha tu, wamwekee mtoto kidogo halafu watoe.

"Kidogo!" nilisema.

"Na mimi niliwaambia hivyo. Kidogo kwake ni kingi. Waliniuliza kama naijua sahihi ya mkubwa."

Nikapiga simu ofisini mwenyewe. Afisa aliyepokea alikuwa na adabu ya mtu aliyefundishwa adabu kwenye semina. Nikamwambia mimi ni baba wa mtoto, na sitaki mapovu.

"Tunakushukuru sana kwa maoni yako, ssebo," akasema, yaani bwana. "Lakini ombi si lako. Ombi ni la mzee. Aliyeomba ndiye anayeweza kuacha kuomba."

Nikarudi kwa baba mkwe. "Mzee, futa ombi."

Akavua bereti, akaitazama ndani kama anasoma maagizo. "Amri nilipewa na mama yenu. Mimi nilibeba tu. Yeye akisema rudisha, nitarudisha. Mimi peke yangu siwezi kumpigia mkubwa kumwambia sikutaka nilichotaka."

Kwa hiyo ukitazama ngazi ya madaraka kutoka juu kabisa, yuko mkubwa, kisha ofisi, kisha sajini, na anayewaendesha wote ni mwanamke mmoja aliyeketi mkekani, ambaye ndiye mtu pekee duniani nisiyeruhusiwa kumsemesha.

Nilikaa kwenye benchi. Ndani ya kioo, kifua cha binti yangu kilipanda na kushuka, kidogo, kidogo. Kisha nikaitazama chupa ya chai.

"Ewe chupa," nikasema kwa sauti, "shikamoo."

Mama mkwe akautazama ukuta.

"Chupa, nakuomba unisikilize. Wewe ni mtu mzima, umeona mengi. Kuna mashine inakuja hapa ambayo itamuumiza mtoto wetu."

Kisha sauti ikatoka kuelekea ukutani. "Chupa, mwambie huyo mtu ya magodoro, mimi siongei na watu wanaomnyima mtoto chakula."

Moyo ukanirudi. Mtu anayekutukana kupitia chupa amekubali mazungumzo.

"Chupa, lile tumbo si la njaa. Liko tupu kwa sababu vitu vyake vimehama, vimepanda kifuani."

"Chupa, muulize, na ule mpira unanyonya nini? Maana mimi naona unanyonya hata kile kidogo iko ndani. Mtoto hana kitu, na wao wananyonya!"

"Unanyonya hewa, chupa. Hewa ndiyo adui pale."

"Chupa! Umesikia mtu anaita hewa adui? Sasa sisi wote hapa tunavuta nini, uji?"

Mama wa mtoto wa jirani, aliyekuwa amekaa kando akimkamulia mwanawe maziwa, alianza kucheka chini ya leso. Sikumlaumu. Nilikuwa naishiwa maneno, na hiyo si kawaida yangu. Ndipo nikakumbuka kwamba maneno peke yake hayajawahi kuuza godoro hata moja. Mteja lazima abonyeze.

Katika mkoba wangu hukosi vipande vya sponji vya kuonyesha wateja. Nikatoa kimoja. Nikachukua kikombe cha plastiki, na kavera, ule mfuko mwepesi uliofungiwa mandazi yangu ya asubuhi.

"Chupa, tazama. Kikombe ni kifua. Sponji ni pafu." Nikaliweka sponji ndani, likakaa kwa raha. "Kwa mtoto mwingine, ndani ya kikombe hamna kingine. Lakini kwa wetu, tumbo limepanda, limeingia humu humu." Nikaishindilia kavera tupu kando ya sponji, mdomo wake ukabaki nje. "Mfuko ukiwa mtupu, sponji linapumua. Limebanwa kidogo tu. Ndiyo kazi ya ule mpira, kuuacha mfuko mtupu. Sasa naleta mapovu."

Nikaweka mdomo kwenye kavera nikapuliza. Kavera ikavimba, ikajaa kikombe chote, na sponji likabanwa kwenye ukingo mpaka likawa jembamba kama kipande cha mkate uliokaliwa.

Mama wa mtoto wa jirani akaacha kucheka. Mama mkwe alikuwa bado anautazama ukuta, lakini shingo yake ilikuwa imefanya kazi ya ajabu, uso ukutani na macho kwenye kikombe.

"Chupa," akasema polepole, "muulize, na ule mtoto ya jirani? Yeye si anapulizwa pia?"

"Ukuta wake ni mzima, chupa. Mfuko wake uko chini, chumbani kwake. Hewa ikipotea ikaingia huko, atacheua. Yale mapovu ni dawa yake kweli. Kwa wetu ni kama kumpa mtu miwani ya jirani kwa sababu inang'aa."

"Na mashini ya huyu, mbona haina kelele?"

"Chupa, wewe umelea. Mtu anayembembeleza mtoto, anapiga kelele?"

Akausogeza mkeka wake karibu kidogo. Kisha: "Chupa, mwambie arudie ile ya kavera. Pole pole. Macho yangu ilikuwa kwa ukuta."

Nikarudia. Safari hii, baada ya kupuliza, niliinyonya hewa kutoka kwenye kavera. Mfuko ukanywea, na sponji, taratibu, likajinyoosha na kurudi. Hilo ndilo jambo nililopenda siku zote katika kazi yangu. Sponji haliamrishwi kuinuka. Ulipatie nafasi, uliache.

"Banange," mama mkwe akanong'ona, jamani ya Kiganda, na hilo hakulipitisha kwa chupa.

Tukasikia magurudumu.

Walikuja kwa msafara. Mbele yule afisa wa simuni na adabu yake ya semina, tai imenyooka. Nyuma yake mpiga picha akitembea kinyumenyume. Katikati, ikisukumwa kwa mikono ya heshima, mashine mpya ya mapovu, ingali na nailoni, imebandikwa picha ya uso wa mkubwa iliyokuwa kubwa kuliko kipimo cha hewa. Baba mkwe alikuwa ameshajipanga kando ya mlango, bereti kichwani. Muuguzi alisimama mlangoni mwa chumba, mikono nyuma, nikaona vidole vyake vimeshikana kwa nguvu.

Kabla sijainuka, mama mkwe alikuwa ameshafika. Na alifanya jambo ambalo mimi nisingeliwaza hata ningepewa mwaka mzima. Alipiga magoti.

Mwanamke wa Kiganda aliyelelewa vizuri humsalimia mgeni wa heshima akiwa amepiga magoti. Hakuna afisa duniani anayeweza kulalamikia jambo hilo. Ila yeye alipiga magoti katikati kabisa ya mlango, akautandaza mtandio wake kulia na kushoto, na mlango ukaisha.

"Pole na kazi, ssebo," akasema.

"Asante, nnyabo," afisa akajibu, akimwita mama kwa heshima. "Tumekuja na—"

"Mmeamka salama?"

"Salama, nnyabo."

"Watu wa nyumbani?"

"Hawajambo."

"Watoto?"

"Wazima, nnyabo. Sasa hii mashine—"

"Na wale wa kijijini? Wazee wapo?"

Afisa alimeza mate. Mwanamume aliyelelewa Buganda hawezi kumruka mama wa makamo aliyepiga magoti anaulizia wazazi wake. "Wapo, nnyabo. Mama anaumwa mgongo."

"Pole sana! Mgongo ni kitu mbaya. Umempeleka wapi?"

Akaeleza alikompeleka. Mama mkwe akaisikiliza habari yote ya mgongo, akapendekeza dawa, akauliza mvua imenyesha vipi huko, mahindi yamefikia wapi, ng'ombe je. Akamshukuru kwa kazi. Akawashukuru wasukuma mashine kwa kusukuma. Akaiulizia mashine yenyewe hali. Mpiga picha alishusha kamera, akakaa kwenye benchi langu akala andazi langu.

"Nnyabo," afisa akasema mwishowe, jasho likimtoka, "mkubwa ametuma zawadi kwa mjukuu wako."

"Tumepokea, ssebo. Kwa magoti, kama unavyoona. Heshima ya mkubwa tumeipokea yote. Lakini mjukuu yangu, tumbo yake imepotea njia, iko kwa kifua. Hii mapovu itamjaza hapo, itabana pafu yake iwe hivi." Akaonyesha kwa vidole viwili jinsi sponji lilivyokuwa jembamba. "Akifa, picha ya mkubwa itakuwa imebandikwa kwa mashini iliyomuua. Wewe ssebo, utaeleza nini?"

Nilimwona afisa akilitafakari swali hilo. Sidhani kama aliwaza mapafu. Aliwaza kibandiko. Lakini wokovu ukija, usiuulize umepitia wapi.

"Lakini ombi—" akaanza.

"Mimi ndiye niliomba," mama mkwe akasema. "Mimi naacha kuomba." Akageuka, bado magotini. "Mzee, ni hivyo?"

"Ni hivyo!" sajini akaitikia, akapiga saluti asijue anampigia nani.

Hapo ndipo daktari alipotokea, kofia ya upasuaji bado kichwani. Akaitazama mashine, kamera, bereti, mama aliyepiga magoti mlangoni pake. Muuguzi akamnong'oneza. Daktari akavuta pumzi ndefu.

"Nani aliwaeleza habari ya tumbo na hewa?" akauliza.

"Chupa," akasema mama mkwe.

Picha ilipigwa, bila shaka; msafara hauwezi kurudi bila picha. Waliiunganisha mashine ukumbini, chupa ya maji ikachemka vizuri sana pasipo mtoto, na baba mkwe akasimama kando yake amekaza kidevu. Picha ilifika kwenye kundi la familia kabla ya adhuhuri, na pongezi zikamiminika: hongera kwa mtoto kupata mapovu, Mungu ambariki mkubwa, ngiri imeshindwa. Mpaka leo wako watu kambini wanaoamini kwamba mapovu yale ndiyo yaliyomponya. Nimewaeleza. Nitaendelea kuwaeleza. Mashine yenyewe aliwekewa mtoto njiti aliyeletwa kutoka Namuwongo jioni ile, ikamfaa hasa, kibandiko na vyote.

Binti yetu aliendelea na mashine yake ya kimya. Kuna siku namba za hewa kwenye mashine zilishuka, daktari akasimama kando yake bila kuketi. Mama mkwe aliwafukuza wageni waliokuja kusali kwa sauti, akawaambia Mungu si kiziwi. Kisha mapafu yakatulia. Wakampasua, wakaurudisha utumbo nyumbani, wakaziba tundu. Wakapunguza nguvu ya mashine kidogo kidogo, mpaka asubuhi moja wakautoa mpira wa pumzi, na akalia. Sauti ilikuwa ya kukwaruza, kama mlango wa bati. Mama mkwe alikuwa dirishani. Hakutazama uso wa mtoto. Alitazama tumbo, limejaa, la mviringo.

"Chupa," akasema bila kugeuka, "mwambie baba yake, tumbo imerudi."

Mikono yangu ilikuwa inatetemeka, na sikuwa nimemgusa mtu.

Sasa hivi mtoto yule anarukaruka juu ya magodoro yangu ya kuuza. Mama mkwe amekuwa mshauri wa kambi nzima, ana kikombe chake, ana kavera yake, na kipande cha sponji alichoniomba kupitia kwa mke wangu. Kila mwenye mimba hupewa somo, atake asitake. Kwa hiyo na wewe chukua lako kabla hujainuka. Ukiona mtoto mchanga anahema kwa shida, na hasa kama tumbo lake limebonyea, usimpe kitu chochote mdomoni, hata maji ya kijiko. Mkimbize hospitali saa hiyo hiyo, na ukifika, usiombe alichopewa wa jirani. Uliza kwanza: "Mtoto wangu ana nini?" Ukijibiwa, omba waeleze tena, polepole, mpaka uelewe.